Gayaza: Shule ya Wake wa Machifu Iliyokwenda Njia Yake

Ukitoka Kampala ukashika barabara ya kaskazini, baada ya kilomita 17 hivi unafika Gayaza. Kwa wengi wetu huku Tanzania jina hilo halina uzito. Kwa Waganda ni jina kubwa, kama sisi tunavyotaja Tabora Wasichana au Weruweru. Hapo ndipo wamisionari wa Kianglikana wa CMS walipofungua shule ya bweni ya wasichana mwezi Januari 1905. Mwalimu mkuu wa kwanza alikuwa Mwingereza aliyeitwa Alfreda Allen, na wanafunzi walioanza naye walikuwa wanne.

Naam, wanne tu. Sasa swali langu ni hili: wasichana hao waliitwa pale wakasomee nini?

Turudi nyuma kidogo. Mwaka 1900 Buganda ilitiliana mkataba na Waingereza, na machifu wakajikuta na ardhi yenye hati, vyeo na heshima ya aina mpya. Watoto wao wa kiume wakaanza kuandaliwa kuongoza. Mwaka 1906 CMS hao hao wakafungua shule ya Budo, juu ya kilima ambacho Makabaka hutawazwa. Kijana wa Budo alitarajiwa kuwa chifu, karani au mwalimu. Haya, kijana msomi wa namna hiyo amuoe nani? Asiyejua kusoma hata Biblia?

Jibu lilikuwa Gayaza. Wasichana walifundishwa dini, kusoma, kuandika na hesabu kidogo. Walifundishwa pia kushona, kusuka mikeka, usafi wa nyumba na malezi ya watoto. Na jembe halikukosekana, kwa sababu wazazi walikuwa na hofu moja kubwa: binti akishasoma atakataa kulima. Kwa Waganda mwanamke ndiye mwenye shamba la migomba, ndiye anayeilisha nyumba. Basi wanafunzi wakawa wanalima chakula chao wenyewe shuleni, ili mzee akija kumtembelea binti yake amkute na udongo mikononi na moyo wake utulie.

Kwa hiyo tusidanganyane. Shule hii haikujengwa ili kumkomboa mtoto wa kike. Ilijengwa ili mume msomi apate mke wa kufanana naye. Msichana alikuwa kiungo katika mipango ya watu wengine: baba yake, mume wake mtarajiwa na kanisa. Yeye mwenyewe nani alimuuliza?

Lakini bweni lina tabia yake, na hapa ndipo waanzilishi walipopigwa chenga. Msichana akiwa nyumbani hana saa iliyo yake. Kuna maji ya kuchota, kuni, wadogo zake, wageni, na wachumba wanaopiga hodi kwa wazazi. Akiwa bwenini, hata kama asubuhi anashika jembe, kuna saa ambayo kengele inagonga na kazi yake inakuwa kitabu tu. Hakuna anayeweza kumwita jikoni saa hiyo. Tena analala chumba kimoja na wenzake waliotoka koo nyingine na vijiji vingine. Mpe mtu muda na watu wa kuzungumza nao, kisha jaribu kumpangia mwisho wa mawazo yake. Huwezi.

Sasa twende Makerere. Chuo hicho kilianza mwaka 1922, na kaulimbiu yake kwa Kiswahili ingekuwa "Tuwe Wanaume". Mwaka 1945 wakaingia wanawake sita wa kwanza, na kaulimbiu ikabidi ibadilishwe. Mmoja wa wale sita alikuwa Sarah Nyendwoha, mzaliwa wa Hoima kule Bunyoro, aliyepitia Budo baada ya shule hiyo kuanza kupokea wasichana. Sarah alitaka kusoma hisabati. Mwalimu wa somo hilo hakuwa tayari kumfundisha mwanamke, hivyo binti akageukia masomo mengine, historia ikiwa mojawapo. Kama walidhani wamemkatisha tamaa, walikosea. Alikwenda Oxford, na mwaka 1954 akawa mwanamke wa kwanza wa Afrika Mashariki na Kati kupata shahada ya chuo kikuu.

Akarudi Uganda, akafundisha Gayaza. Shule ile ile ya mikeka na jembe! Akagundua kwamba serikali ya kikoloni inamlipa pungufu ya wanaume wenye kazi kama yake. Alifanya nini? Alikataa mshahara. Msimamo wake ulikuwa kwamba ni afadhali afundishe bure kuliko kukubali kwa mkono wake kwamba kazi ya mwanamke ina bei ya chini. Mwaka 1958 akaingia katika Baraza la Kutunga Sheria.

Na sisi Watanzania tuna undugu naye. Aliolewa na Sam Ntiro, yule mchoraji wa Kilimanjaro aliyekuwa balozi wetu wa kwanza Uingereza baada ya uhuru. Sarah Ntiro alifariki mwaka 2018.

Hakuwa peke yake. Joyce Mpanga, aliyefariki mwaka 2023, alisoma Gayaza, akaenda Makerere, akarudi kufundisha pale pale. Naye aliingia kwenye Baraza hilo kabla ya uhuru, na mwishoni mwa miaka ya 1980 akawa waziri aliyeshughulikia maendeleo ya wanawake. Waliofungua shule mwaka 1905 walikuwa wanaandaa mke wa kumkaribisha waziri nyumbani. Waziri mwenyewe hawakumfikiria.

Najua kuna atakayesema hao walikuwa watoto wa wakubwa. Ni kweli. Gayaza ilianza na mabinti wa machifu, na bweni zuri hadi leo linataka ada ambayo mama muuza ndizi hawezi kuitoa. Ukombozi uliopatikana pale ulikuwa wa wachache, na waliobaki nje ya geti waliendelea kuchota maji. Hoja hiyo siipingi. Ila kwangu mimi inaonyesha kwamba mabweni hayatoshi. Haionyeshi kwamba hayana faida.

Anayetaka ushahidi wa karibu aangalie yaliyotokea wakati wa korona. Uganda ilifunga shule Machi 2020 na haikuzifungua kikamilifu hadi Januari 2022. Karibu miaka miwili, muda mrefu kuliko nchi nyingine yoyote duniani. Kengele iliponyamaza, zile saa za msichana zikarudi kwa wenyewe: jikoni, shambani, kwa wachumba. Shule zilipofunguliwa, wasichana wengi hawakurudi. Walikuwa wajawazito au wameshaolewa.

Na sisi tusicheke. Hapa kwetu, hadi Novemba 2021, msichana aliyepata mimba alikuwa hana ruhusa ya kurejea shule ya serikali baada ya kujifungua. Miaka 116 baada ya wale wanne wa Gayaza, bado tulikuwa tunabishana kama elimu ni haki ya msichana mwenyewe, au ni zawadi anayopewa kwa kuwa na tabia inayotupendeza.

Ndiyo maana historia hii naiona si ya Waganda peke yao. Kila anayejenga bweni la wasichana, awe serikali, kanisa, msikiti au mfadhili wa nje, huja na picha yake kichwani ya mwanamke anayemtaka. Jenga, tutashukuru. Lakini ukishampa saa zake na vitabu vyake, kubali kwamba atakachokuwa ni uamuzi wake. Sarah Ntiro aliurudisha mshahara. Wa kwako ataurudisha nini?