Tundu Lililo Mviringo

James Watt alipata wazo lake kuhusu injini ya mvuke mwaka 1765, lakini silinda zilimtesa: hazikuwa mviringo sawasawa, mvuke ukaponyoka kando ya pistoni. Aliyemwokoa ni John Wilkinson, Mwingereza aliyesajili mashine ya kutoboa mizinga mwaka 1774. Kwa silinda, alikishika kisu kwa nondo iliyoegemezwa ncha zote mbili, isiyumbe. Mwaka 1776 Boulton, mshirika wa Watt, aliandika kwamba silinda ya inchi 50 haikukosea hata kwa unene wa shilingi kuukuu.

Nilidhani hadithi imeishia hapo. Kisha baba akauza ng'ombe, injini ya pikapu yetu ikachongwa, vipimo vikawa safi, na bado ikawa inakula oili. Fundi mmoja mzee akacheka: "Mwanangu, walipima bloku tupu, bila hedi." Bolti za hedi zikikazwa, chuma huvutika, tundu likapinda kidogo mno, na ringi zisilikamate vizuri. Dawa ni bamba nene la chuma: unalifunga juu ya bloku kwa mkazo uleule wa hedi, ndipo unamalizia kusugua silinda. Ukilifungua, tundu linapinda. Ukifunga hedi, linarudi duara.

Safari ya pili tulisimama palepale karakana, baba na mimi, mpaka tukaliona bamba likikazwa.