Jadotville 1961: Bunduki Zisizoazimana

Septemba 13, 1961, wanajeshi wa Ireland waliovaa kofia za Umoja wa Mataifa walikuwa kwenye misa ya asubuhi nje kidogo ya Jadotville, mji ambao leo ni Likasi, jeshi la Katanga, jimbo lililokuwa limejitenga na Kongo, lilipowashambulia. Walikuwa 155 hivi, chini ya Kamanda Pat Quinlan. Walipigana hadi Septemba 17, wakaishiwa maji na risasi, wakajisalimisha. Hakuna hata mmoja wao aliyeuawa.

Kwa watu wa Kikula na komini nyingine za Likasi, hii ni historia ya nyumbani. Mwaka 2016 ilitengenezewa hata filamu. Lakini bunduki zenyewe zina historia yao, nayo inaeleza mengi kuhusu vita vya Kongo.

Waireland wa kwanza walikuja Kongo mwaka 1960 na Lee-Enfield, bunduki ya kukoki kwa mkono kila baada ya risasi. Mwaka uliofuata walipewa FN FAL mpya kutoka Ubelgiji, inayojikoki yenyewe kwa nguvu ya gesi na kula risasi za 7.62. Bunduki zao za rashasha, Bren na Vickers, zilibaki zile za zamani zenye risasi za .303, na bunduki ndogo za Gustaf zilitumia milimita 9. Katika handaki moja, basi, askari wa FAL akiishiwa, mwenzake wa Bren hakuweza kumpa hata risasi moja.

Kongo yenyewe ilikuwa na bunduki nyingine ya Ubelgiji. Kabla ya uhuru, jeshi la kikoloni, Force Publique, lilinunuliwa FN-49, nayo nusu-otomatiki. Aliyeibuni ni Dieudonné Saive, yule yule aliyebuni FAL. Zote mbili zina pistoni ya gesi juu ya mtutu, na katika zote mbili mkia wa bolti huinama kujifunga kabla ya mlipuko. Ni ndugu wa baba mmoja, ila hakuna anayeweza kuvaa nguo za mwenzake. FN-49 ya Kongo ilitumia ganda la milimita 63, FAL la milimita 51. Tofauti hiyo ya milimita 12 ilitosha kubadili urefu wa bolti, mwili wa bunduki na sehemu ya kulishia risasi. Kanuni ilikuwa moja, vipuri havikuingiliana.

Hata FAL kwa FAL zilitofautiana. Ubelgiji iliitengeneza kwa vipimo vya milimita. Uingereza, Kanada na Australia zilichora upya michoro yake kwa inchi. Magazini ya Kibelgiji huweza kuingia kwenye bunduki ya Kiingereza, lakini ya Kiingereza haikubali kwenye ya Kibelgiji, kwa sababu kishikio chake cha mbele ni kikubwa zaidi. Risasi zilikuwa zile zile. NATO ilikuwa imekubaliana juu ya risasi, si juu ya vipuri.

Baadaye zikaenea Afrika AK ya Kisovieti, ambayo bolti yake huzunguka ili kujifunga, na G3 ya Kijerumani, isiyo na pistoni ya gesi kabisa, inayotegemea vigurudumu viwili pembeni mwa bolti. Zote huitwa za 7.62, lakini ganda la AK lina milimita 39 na la G3 lina 51. Namba inayofanana isimdanganye mtu: hakuna bolti wala magazini itakayohama kutoka moja kwenda nyingine.

Fundisho la bunduki hizi ni zito. Bunduki huishi muda mrefu kuliko vita iliyoileta, mradi ipate risasi na vipuri vyake. Anayekusanya bunduki na kuacha magazini, springi na bolti sokoni amefanya nusu ya kazi. Nchi za Afrika ya Kati zililielewa hilo. Mkataba wa Kinshasa, uliopitishwa Aprili 30, 2010 na kuanza kutumika mwaka 2017, haudhibiti silaha ndogo peke yake. Unataja pia risasi zake, pamoja na vipuri vyote vinavyoweza kutumika kuziunda, kuzitengeneza na kuziunganisha. Serikali zilizouridhia zina wajibu wa kuutekeleza wote, hadi kipuri cha mwisho.