Kodi ya washinda mjini

Ukimtajia msomaji "kodi ya wasafiri", atawaza uwanja wa ndege na makato yaliyomo ndani ya tiketi. Kumbe anayelengwa hapa ni mtu anayelala mji mmoja, akafanya kazi mji mwingine, jioni akarudi kwake. Jiji humkata sehemu ya kipato alichochuma humo. Nauli yake haiguswi. Kiswahili kina kitenzi kinachomfaa: kushinda, yaani kuwa mahali mchana kutwa. Kwa hiyo naiita kodi ya washinda mjini. Atakayesema neno hilo limekaribia mno "washindi" akumbuke washinda njaa. Hakuna anayewapa kombe.

Philadelphia ilitangulia kwa sheria ya 1939, na hadi leo makato hayo yanawahusu wakazi na wasio wakazi. New York ilifuata mwaka 1966, enzi za Meya John Lindsay. Kodi yake ilipofutwa ilikuwa asilimia 0.45 ya mshahara: mwenye dola 50,000 kwa mwaka alilipa dola 225. Hoja yenyewe ni nyepesi kueleweka. Moto ukizuka ofisini, zimamoto wanaokuja wanalipwa na jiji, ilhali kodi ya majengo anayolipa mfanyakazi huyo inaishia kule anakolala. Wapinzani hujibu kwamba anakula mchana papo hapo na kulipa kodi ya mauzo, tena jengo la ofisi nalo linatozwa. Jibu hilo lina uzito, ila kwangu halimalizi deni.

Mwaka 1999 Bunge la jimbo liliwasamehe wakazi wa jimbo la New York peke yao, wakati kura za vitongojini zikiwindwa katika uchaguzi mdogo wa seneti. Wa New Jersey na Connecticut waendelee kulipa! Mahakama ikakataa ubaguzi huo, kodi ikafa yote.

Isichanganywe na tozo ya msongamano, iliyoanza London 2003 kwa pauni 5 na Manhattan Januari 2025 kwa dola 9. Hiyo hudai gari linaloingia katikati ya jiji, hata likiwa la mkazi.

Nairobi, wanakoshinda watu wengi wa Kitengela na Ruaka, haiwezi kuiga. Ibara ya 209 ya Katiba ya 2010 imeiachia serikali ya kitaifa kodi ya mapato. Kaunti zina kodi ya ardhi na majengo, ya burudani, na ada za huduma. Kwa mtu wa Kitengela anayekuja na gari lake, kaunti inabaki na ada ya maegesho.