Gari la kukodi nje ya nchi: Bima yako inaishia wapi?

Na Mwandishi Wetu, Manyoni

MSAFIRI anayesimama kando ya barabara kuu mjini Manyoni hahitaji kusubiri kwa muda mrefu kabla ya kuona malori ya mizigo yakipita kuelekea Singida, Nzega na Kahama. Mengi kati ya hayo safari yake haiishii Kahama, bali huendelea hadi Rusumo, mpakani mwa Tanzania na Rwanda, au Kabanga, njia ya kuingilia Burundi.

Madereva wa malori hayo wanafahamu vyema kwamba bima ya gari ya Tanzania peke yake haiwafikishi Kigali wala Bujumbura. Kwao hilo ni jambo la kazi ya kila siku. Tatizo liko kwa msafiri wa kawaida, anayekodi gari dogo mara moja katika miaka kadhaa ili kwenda harusini, kumpeleka mtoto chuoni au kufuata biashara. Huyu hutazama bima ya gari, akaona tarehe haijapita, kisha akaamini kuwa mambo yote yako sawa.

Makala haya yanaeleza mambo ambayo msafiri huyo anapaswa kuyajua kabla ya kuwasha gari. Tutatumia mfano wa safari ya Manyoni hadi Kigali, ambayo hadi kufika mpakani tu ni mwendo wa zaidi ya kilomita 700.

Bima ndogo na bima kubwa

Kwa mujibu wa Sheria ya Bima ya Vyombo vya Moto, Sura ya 169, ni kosa kuendesha gari barabarani bila bima inayomlinda mtu wa tatu. Mtu wa tatu ni yule asiyekuwa upande wowote wa mkataba wa bima: mtembea kwa miguu aliyegongwa, au mwenye gari lililogongwa. Hii ndiyo wananchi wengi huiita bima ndogo. Gari lililokatiwa bima ndogo likipinduka lenyewe, mwenye gari hapati chochote kwa ajili ya uharibifu wa gari lake.

Bima kubwa humlinda mtu wa tatu na pia gari lenyewe dhidi ya ajali, moto na wizi, kulingana na masharti yaliyoandikwa. Kwa anayekodi gari tofauti hii ni kubwa mno. Ukikodi gari lenye bima ndogo na ukaliharibu, hakuna kampuni itakayomfidia mwenye mali. Atakudai wewe.

Hata kwenye bima kubwa, mikataba mingi humtaka mwenye bima abebe sehemu ya kwanza ya hasara. Tuseme mkataba unasema sehemu hiyo ni Sh 500,000 na matengenezo yamegharimu Sh 3,000,000. Kampuni ya bima italipa Sh 2,500,000 na kiasi kilichobaki kitakuwa cha aliyekodi, iwapo mkataba wa kukodi umemtwisha jukumu hilo. Uliza kiasi hicho kabla ya kutia saini, si baada ya ajali.

Gari la jirani lina hatari yake

Katika miji midogo kama Manyoni, wengi hawakodi gari kwenye kampuni kubwa. Humwendea jirani, mwalimu au mfanyabiashara mwenye gari zuri, wakapatana bei na kukabidhiwa ufunguo. Utaratibu huo una unafuu wa bei na umejengwa juu ya kuaminiana. Hata hivyo, kwa upande wa bima ndiko hatari kubwa iliko.

Bima ya gari hukatwa kwa matumizi yaliyotajwa. Gari la matumizi binafsi hutozwa ada ya aina moja, na gari la biashara hutozwa ada nyingine kwa kuwa hatari yake ni kubwa zaidi. Mwenye gari aliyekata bima ya matumizi binafsi, kisha akalikodisha kwa fedha, amelitumia gari hilo nje ya makubaliano. Ajali ikitokea, kampuni ya bima inaweza kukataa kulipa uharibifu wa gari. Hata pale inapolazimika kumlipa aliyeumia, inaweza kumgeukia mwenye gari ili arejeshe fedha hizo. Naye, bila shaka, atamtazama aliyekodi.

Njia rahisi ya kuanza kujihadhari ni kutazama namba za gari. Hapa Tanzania gari binafsi hubeba kibao cha rangi ya njano, na gari la biashara hubeba kibao cheupe. Ukiletewa gari la kukodi lenye kibao cha njano, omba kuiona hati ya bima na usome sehemu inayohusu matumizi. Soma pia sehemu inayotaja madereva wanaoruhusiwa, kwa sababu baadhi ya hati humruhusu mwenye gari na watu maalumu tu.

Uhalali wa bima yenyewe nao unaweza kuhakikiwa. Mamlaka ya Usimamizi wa Bima Tanzania, TIRA, ina mfumo wa intaneti unaomwezesha mwananchi kuingiza namba ya gari au ya stika na kuona kama bima hiyo ipo, imetolewa na kampuni gani na inaisha lini. Kazi hiyo huchukua dakika chache kwa simu ya mkononi.

Kadi ya Njano ni nini?

Baada ya kuridhika na bima ya ndani, swali linalofuata ni la mpakani. Bima ya kawaida ya Tanzania huishia kwenye mipaka ya nchi. Ili imlinde mtu wa tatu ndani ya Rwanda, inahitaji nyongeza inayojulikana kama Kadi ya Njano ya COMESA, yaani Soko la Pamoja la Mashariki na Kusini mwa Afrika.

Mpango huo ulianzishwa kwa itifaki iliyotiwa saini mwaka 1986, na ukaanza kazi mwaka 1987. Tanzania ilijitoa COMESA mwaka 2000, lakini ilibaki katika mpango wa Kadi ya Njano. Nchi nyingine zilizomo ni pamoja na Kenya, Uganda, Rwanda, Burundi, Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, Zambia, Malawi, Zimbabwe na Ethiopia. Msumbiji haimo, hivyo anayekwenda huko hana budi kukata bima ya nchi hiyo.

Faida ya kadi hii ni kwamba dereva halazimiki kununua bima mpya kila anapovuka mpaka. Akimgonga mtu Rwanda, dai la aliyeumia hushughulikiwa huko huko Rwanda kwa sheria za Rwanda, kisha taasisi za bima za nchi hizo mbili hulipana zenyewe. Kadi huhusisha pia matibabu ya dharura ya dereva na abiria wake.

Yako mambo matatu ambayo wasafiri wengi huyakosea.

La kwanza, kadi hii haisimami peke yake. Hutolewa juu ya bima iliyo hai nyumbani, na bima hiyo ikiisha ukiwa Kigali, kadi nayo imekwisha. Hakikisha tarehe zote mbili zinavuka siku ya kurudi, na uongeze siku chache za tahadhari kwa ajili ya gari kuharibika njiani.

La pili, kadi haifidii gari ulilolikodi. Hata kama gari lina bima kubwa hapa nchini, bima hiyo haivuki mpaka yenyewe. Ni lazima mwenye gari aiombe kampuni yake, kwa maandishi, iongeze eneo la ulinzi hadi nchi unayokwenda. Hapa ndipo wengi huanguka: wanayo Kadi ya Njano mkononi, wanadhani wamemaliza, kumbe gari la watu la mamilioni ya shilingi linatembea ugenini bila ulinzi wowote.

La tatu, ni jina. Wapo wanaoichanganya na kadi nyingine ya njano, ile ya chanjo ya homa ya manjano inayotolewa na wahudumu wa afya. Hizo ni hati mbili tofauti na moja haichukui nafasi ya nyingine. Kadi ya chanjo, kwa utaratibu wa kimataifa ulioanza Julai 2016, hudumu maisha yote. Kadi ya bima hudumu kwa muda ulioandikwa tu.

Kadi ya Njano huombwa kwa kampuni ya bima au wakala aliyekata bima ya gari. Mawakala hupatikana pia katika miji ya mipakani, lakini anayetoka Manyoni hana sababu ya kusafiri umbali wote huo bila hati, hasa akifika usiku au siku ya sikukuu.

Hati za kubeba

Anayevuka mpaka na gari lisilo lake ataulizwa swali moja la msingi: gari hili ni la nani? Jibu liwe kwenye karatasi. Chukua barua ya mwenye gari inayokutaja jina, namba ya hati yako ya kusafiria, namba ya gari, nchi unayokwenda na tarehe za kwenda na kurudi. Ni vyema barua hiyo ishuhudiwe na wakili. Ambatanisha kadi ya gari au nakala yake iliyothibitishwa.

Forodha ya nchi unayoingia itatoa kibali cha kuingiza gari kwa muda. Soma tarehe ya mwisho wa kibali hicho na uiheshimu, kwa sababu gari likikaa kupita muda huonekana kama limeingizwa bila kulipiwa ushuru.

Leseni nayo iwe hai na ya daraja linalofaa. Leseni ya daraja D inatosha kuendesha gari dogo ulilolikodi kwa ajili ya familia yako. Lakini ukimchukua dereva wa kukuendesha kwa malipo, hakikisha leseni yake inamruhusu kubeba abiria.

Ng'ambo ya daraja

Rusumo ina kituo cha pamoja cha forodha na uhamiaji, kilichozinduliwa rasmi Aprili 2016 na Rais John Magufuli wa Tanzania na Rais Paul Kagame wa Rwanda. Ukivuka daraja la Mto Kagera unahama upande: Tanzania tunaendesha kushoto, Rwanda wanaendesha kulia, kama ilivyo Burundi na Kongo. Kwa gari lenye usukani wa kulia, hatari kubwa ni kulipita gari lililo mbele, kwani dereva haoni vizuri yanayokuja. Ni busara kuvuka mpaka mchana na kutolipita lori pasipo haja.

Kumbuka pia kuwa saa ya Rwanda iko nyuma ya yetu kwa saa moja.

Likitokea la kutokea, simamisha gari, saidia majeruhi na ita polisi wa nchi hiyo. Pata ripoti yao, piga picha, andika majina ya mashahidi, kisha mpigie mwenye gari na kampuni ya bima siku hiyo hiyo. Usikiri kosa kwa maandishi wala kupatana malipo pembeni, kwani mapatano ya namna hiyo yanaweza kuharibu dai lote.

Kukodi huko huko

Njia ya pili ni kwenda kwa basi na kukodi gari Kigali. Faida yake ni kwamba gari hilo tayari lina bima ya Rwanda na usukani wa kushoto, na hakuna kibali cha forodha cha kutafuta. Hasara yake ni amana ambayo huenda ukatakiwa kuiweka, na mkataba unaoweza kuandikwa kwa Kiingereza au Kifaransa. Omba usomewe kabla ya kusaini, na uulize kama gari linaruhusiwa kutoka nje ya Rwanda.

Kwa wanaokwenda mbali zaidi, leseni ya Tanzania pekee huenda isitoshe. Dubai, kwa mfano, mgeni kutoka Tanzania huhitaji pia kibali cha kimataifa cha kuendesha gari, ambacho hapa nchini hutolewa na Chama cha Magari Tanzania, AAT. Na anayeomba viza ya nchi za Schengen za Ulaya hutakiwa kuwa na bima ya safari yenye kinga isiyopungua euro 30,000 kwa matibabu na dharura. Bima hiyo inahusu afya ya msafiri na haigusi gari.

Kabla ya kuondoka

Msomaji anayejiandaa kwa safari na awe na majibu ya maandishi kwa maswali matano: Je, bima ya gari ni ndogo au kubwa? Je, inaruhusu gari kukodishwa? Je, inavuka mpaka? Je, inamtambua dereva? Je, inaisha baada ya siku ya kurudi? Swali moja likikosa jibu, safari na isubiri hadi lijibiwe.

Kukata bima ya ziada huonekana gharama isiyo na faida kwa anayerudi salama. Lakini usipoziba ufa utajenga ukuta, na ukuta wa ugenini hujengwa kwa fedha za ugenini.