Rele: kifaa kidogo kinacholinda gari na waliomo

Magari mengi yanayobeba watu na mizigo mashariki mwa Congo yalikwisha kupita katika mikono mingi. Kila mwenye gari aliongeza chake: taa za ukungu, klakisoni yenye sauti kali, redio, waya ya kuchajia simu. Familia inayokimbia vita hupanda gari kama hilo pamoja na magodoro na vibidoni vya mafuta, bila kuuliza ni nani aliyefunga waya hizo. Lakini waya iliyofungwa vibaya inaweza kuwasha moto, na dawa ya hatari hiyo inajulikana tangu zamani. Inaitwa rele.

Neno hilo linatoka katika Kifaransa, relais. Zamani huko Ulaya lilihusu farasi: waliochoka walibadilishwa njiani na wengine wenye nguvu, ili safari iendelee. Mwaka 1835, mwanasayansi wa Marekani Joseph Henry, aliyekuwa mwalimu huko Princeton, alionyesha kwamba umeme mdogo unaweza kuamuru umeme mkubwa kwa njia ya sumaku. Samuel Morse alipofungua laini yake ya telegrafu kati ya Washington na Baltimore mwaka 1844, mbinu hiyo iliupa nguvu mpya ujumbe uliodhoofika njiani.

Magari yalikuja baadaye. Ya kwanza yaliwashwa kwa kuzungusha chuma mbele ya injini, na chuma hicho kikirudi nyuma ghafla kiliweza kuvunja mkono wa mtu. Mwaka 1912, Cadillac ilitoa magari yenye starta ya umeme, kazi ya Charles Kettering na wenzake wa mji wa Dayton. Starta hula ampea mia moja na zaidi. Umeme mwingi hivyo ukipita kwenye swichi ya ufunguo, utaiunguza. Ndiyo maana ufunguo ulibaki na kazi ya kutoa amri tu, na swichi ya sumaku iliyo karibu na starta ikabeba mzigo.

Taa nazo zilizidi kuwa kali. Mwaka 1962, taa za halojeni za aina ya H1 zilianza kutumika Ulaya, kila moja ikiwa na wati 55. Taa mbili ni wati 110. Ukigawanya kwa volti 12 za batri, unapata zaidi kidogo ya ampea 9. Na umeme ukiongezeka mara mbili katika waya ileile, joto huongezeka mara nne. Swichi ndogo ambayo haikutengenezwa kwa mzigo huo huchemka mpaka plastiki yake inayeyuka. Ikiwekwa rele, swichi hiyo hupitisha chini ya robo ya ampea.

Rele nyingi zina nambari zilizotoka katika kanuni ya Ujerumani, DIN 72552. Nambari 30 hupokea umeme wa batri baada ya kupita kwenye fyuzi. Nambari 87 huupeleka kwenye taa. Nambari 85 na 86 ni za sumaku: moja huenda kwenye swichi, nyingine kwenye chuma cha gari, ambacho mafundi huita masi. Malori mengi makubwa hutumia volti 24, kwa hiyo rele ya volti 12 haifai humo, itaungua.

Fyuzi nayo ina umri mrefu: Thomas Edison alipata hataza ya fyuzi mwaka 1890. Ni kipande cha waya kinachokubali kufa kwanza. Kazi yake ni kulinda waya ya gari, na ndiyo sababu huwekwa karibu kabisa na batri: waya iliyo kabla ya fyuzi haina mlinzi. Anayeweka kipande cha waya au karatasi ya sigara mahali pa fyuzi iliyokufa anafukuza mlinzi na kuacha mlango wazi.

Kabla ya kazi, fundi makini hufungua kwanza upande wa hasi wa batri, na kuurudisha mwisho. Pale waya inapopita kwenye tundu la bati, huivika mpira, kwa sababu mitikisiko ya barabara mbovu hukata ngozi ya waya polepole.

Abiria pia wana sehemu yao. Kukiwa na harufu ya plastiki inayoungua, swichi yenye joto, au fyuzi inayokufa kila mara, ni haki yao kumwomba dereva asimame na kuzima gari. Watoto washuke kwanza, mizigo ibaki. Godoro linaweza kupatikana tena.