Foleni ya magari

Foleni ya magari (pia: msongamano wa magari) ni hali inayotokea pale ambapo magari yanayofika barabarani ni mengi kuliko yanayoweza kupita kwa wakati huo. Mwendo hupungua, na mara nyingine magari husimama kwa saa nyingi au hata siku kadhaa.

== Sababu ==
Wingi wa magari si sababu pekee. Mara nyingi chanzo ni mahali pembamba: daraja la njia moja, makutano, ajali, matengenezo ya barabara au kituo cha ukaguzi. Kwa mfano, lango likipitisha malori 10 kwa saa na yanayofika ni 15, kila saa malori 5 hubaki. Baada ya siku moja yatakuwa 120, yaani foleni ya zaidi ya kilomita 2.

Foleni huweza kutokea hata pasipo kizuizi. Mwaka 2008 watafiti wa Japani walitangaza jaribio la magari 22 yaliyozunguka duara la mita 230. Dereva mmoja akipunguza mwendo kidogo, wa nyuma yake hupunguza zaidi, na hatimaye wengine husimama.

== Mifano ==
* '''China, 2010:''' Malori ya makaa ya mawe na matengenezo ya barabara kuu namba 110 yalisababisha foleni ya takriban kilomita 100 iliyodumu zaidi ya siku 10.
* '''Malaba, 2022:''' Mwezi Januari Uganda iliwataka madereva wapimwe UVIKO-19 kwa ada ya dola 30. Madereva waligoma, malori yakapangana kwa makumi ya kilomita upande wa Kenya, na bei ya mafuta ikapanda Uganda.

== Mkoa wa Kagera ==
Wilaya za Karagwe na Kyerwa ziko kati ya vituo viwili vikubwa vya mpakani: Mutukula (Uganda) na Rusumo (Rwanda). Daraja la zamani la Rusumo, juu ya mto Kagera, lilikuwa na njia moja tu, hivyo malori yalisubiriana. Daraja jipya la njia mbili pamoja na kituo cha pamoja cha forodha vilizinduliwa tarehe 6 Aprili 2016. Kituo cha Mutukula kilizinduliwa Novemba 2017.

Katika kituo cha pamoja, gari hukaguliwa na maafisa wa nchi zote mbili likiwa limesimama mara moja tu. Kupanua barabara bila kuharakisha ukaguzi hakuondoi foleni, kwa kuwa malori huwahi tu kufika langoni.