Ubongo na Uti wa Mgongo

Leo tutazungumza habari za ubongo na uti wa mgongo, na jinsi watu walivyozijua kazi zake.

Kwanza, jiguseni kisogoni. Ndani ya fuvu hilo umo ubongo, ambao kwa mtu mzima una uzito wa gramu 1,400 hivi. Kutoka hapo hushuka ugwe laini, unene wake kama kidole cha mwisho, ukipita ndani ya pingili za mgongo. Ugwe huo ndio njia ya habari. Mtu akikanyaga mwiba, habari hupanda ubongoni. Akitaka kutembea, amri hushuka miguuni. Njia ikikatika, habari haziendi wala hazirudi.

Jambo hili halikujulikana kwa siku moja. Yako maandishi ya Misri ya kale, ya kiasi cha miaka 1,600 kabla ya kuzaliwa Kristo, yanayoeleza habari za majeruhi 48. Mmoja wao ameteguka pingili ya shingo, naye hana habari na mikono wala miguu yake. Tabibu aliona vema, lakini hukumu yake ilikuwa fupi: hili halitibiki.

Baadaye, katika dola ya Rumi, alikuwako tabibu Galen, aliyezaliwa mwaka 129. Yeye aliwapasua wanyama, akaukata ugwe ule mahali mbalimbali. Alipokata juu shingoni, mnyama aliacha kupumua, akafa. Alipokata chini, miguu ya nyuma tu ilipooza. Kwa majaribio hayo na mengine alionyesha ya kuwa amri hutoka kichwani, si moyoni kama wengi walivyodhani.

Lakini kujua si kuponya. Hata baada ya miaka 1,700, wengi waliovunjika mgongo walikufa kwa vidonda vya kulala na maradhi ya njia ya mkojo. Mwaka 1944 Dakta Ludwig Guttmann, aliyekimbilia Uingereza kutoka Ujerumani, alianza kuwauguza askari katika hospitali ya Stoke Mandeville. Aliagiza wageuzwe kitandani kila saa mbili, usiku na mchana, kisha wafundishwe kazi na michezo. Mwaka 1948 majeruhi 16 walishindana kupiga mishale, wakiwa katika viti vya magurudumu. Ndicho chanzo cha Michezo ya Olimpiki ya Walemavu.

Basi shikeni mambo mawili. Mtu akianguka kutoka mnazini, msimwinue upesi wala msimketishe. Kichwa na shingo visitikisike. Iteni msaada, na ikiwa hapana budi kumchukua, alazwe juu ya ubao, watu wengi wakimshika pamoja. Pili, aliyepooza miguu asiachwe pembeni kama mzigo. Mgeuzeni, msafisheni, mpeni kazi ya mikono.

Jiulizeni darasani: kijijini kwenu, nani angejua kufanya hivyo leo?